Chungu Kimoja kwa Nyumba Nzima: Kupika Chakula Kisichopandisha Sukari kwa Haraka

Mtu akirudi kutoka kliniki na habari kwamba sukari yake imepanda au kwamba anapaswa kupunguza uzito, jambo la kwanza linalotokea katika nyumba nyingi za Pwani ni sufuria ya pili. Familia inaendelea na wali wa nazi, mahamri na chai ya maziwa yenye sukari, naye anapikiwa kando chakula kisicho na ladha. Wiki mbili za kwanza anavumilia. Wiki ya tatu anachoka kula peke yake, na ya nne anarudi kwenye sinia pamoja na wenzake huku akijificha asionekane na anayemkumbusha dawa. Lishe hiyo hushindwa kwa sababu inamtenga mgonjwa na watu wake.

Somo hili linaeleza njia nyingine: kubadilisha chungu kimoja kinacholiwa na wote. Chakula kinachomfaa mwenye kisukari ndicho kinachomsaidia mwenye uzito uliozidi kupungua, na ndicho kinachowakinga wengine nyumbani wasifike huko. Sehemu kubwa ya chakula hicho inapatikana sokoni, tena kwa bei ambayo wengi wanaimudu.

Kwa nini jambo hili ni la kila nyumba

Utafiti wa kitaifa wa STEPS uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Uzito unaojikusanya tumboni ndio unaohusishwa zaidi na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Kisukari kisichodhibitiwa huharibu mishipa ya damu polepole bila maumivu. Mtu huja kugundua macho yameanza kuona ukungu, figo zimedhoofika au kidonda cha mguu hakiponi. Wakati huo gharama huwa ni ya familia nzima: nauli za kliniki, siku za kazi zilizopotea, na pengine kusafisha damu kwa mashine kila wiki au kukatwa mguu.

Habari njema ni kwamba si lazima mtu apungue kilo nyingi ndipo apate faida. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilielekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa chakula bora, na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Kundi hilo lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 likilinganishwa na kundi ambalo halikupewa mpango huo wala dawa. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni chini ya kilo 6.

Sukari hupandaje baada ya kula

Wanga wote, uwe wa sima, wali, mkate, muhogo au ndizi, humeng'enywa tumboni na kuwa sukari inayoingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini ili sukari hiyo iingie kwenye seli na kutumika. Tofauti ya chakula kimoja na kingine ni kasi.

Mpishi yeyote anajua tofauti ya moto wa makuti na moto wa makaa. Makuti huwaka mara moja, mwali ukapanda hadi darini, kisha ukazima kabla maji hayajachemka. Makaa huwaka taratibu na kuivisha chakula. Mkate mweupe na chai yenye sukari ni makuti: sukari hupanda upesi, insulini nyingi hutolewa, na saa mbili baadaye mtu ana njaa tena na anatafuta andazi. Maharagwe na mtama uliopikwa punje nzima ni makaa.

Kasi hiyo hupimwa kwa fahirisi ya glisemiki, kipimo kilichoanzishwa mwaka 1981 na David Jenkins na wenzake katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Glukosi safi imepewa 100. Chakula chenye 55 au chini yake huhesabiwa kuwa cha chini, 56 hadi 69 cha wastani, na 70 kwenda juu ni cha juu. Kwa wastani wa vipimo vya kimataifa, mkate mweupe una 75, wali mweupe 73, viazi vya kuchemsha 78, viazi vitamu vya kuchemsha 63, embe 51, kamande 32 na maharagwe mekundu 24.

Nambari hizi zinasaidia, lakini zisitumiwe peke yake. Tikiti maji lina 76, nambari inayotisha, lakini kipande cha gramu 120 kina takriban gramu 9 tu za wanga. Ukizidisha 76 kwa 9 na kugawanya kwa 100 unapata 7, mzigo mdogo. Wali wa gramu 150, ambao ni kama kikombe kimoja, una takriban gramu 42 za wanga, na hesabu hiyo hiyo inaleta kama 30, mzigo mkubwa. Na wengi hawapakui kikombe kimoja. Kwa hiyo maswali ni mawili kila mara: ni chakula gani, na ni kiasi gani?

Tahadhari nyingine ni mafuta. Kukaanga kunaweza kushusha kasi ya kupanda kwa sukari, lakini kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina karibu kalori 120. Viazi karai na bhajia haziwi chakula cha kupunguza uzito kwa sababu ya nambari hiyo. Fahirisi ya chini peke yake haipunguzi kilo. Inachofanya ni kumsaidia mtu kushiba mapema na kukaa muda mrefu bila njaa, ndipo aweze kula kidogo bila kuteseka.

Mambo sita yanayobadilika jikoni

Kwanza, usagaji. Kadiri nafaka inavyosagwa laini na kukobolewa, ndivyo inavyogeuka sukari kwa haraka. Unga wa mahindi usiokobolewa, unaosagwa na pumba zake, ni bora kuliko unga mweupe uliochekechwa, na punje nzima kama za pure au githeri ni bora zaidi ya unga wowote. Mahindi ya kusaga yawe yamekauka vizuri na yasiwe na ukungu, kwani ukungu huleta sumu ya aflatoksini ambayo haiondoki kwa kupika.

Pili, kunde za aina zote. Mbaazi, kunde, ndengu, maharagwe, njahi na njugu mawe zina protini na nyuzinyuzi nyingi, na zikichanganywa na nafaka hushusha mzigo wa mlo mzima. Hapa ndipo mwenye pesa kidogo hana sababu ya kukata tamaa, kwani kilo ya kunde hulisha nyumba siku zaidi ya moja.

Tatu, mboga nyingi kuliko kitoweo. Mchicha, kisamvu, majani ya kunde, mnavu, sukuma wiki, mabenda, biringani na kabeji zina wanga kidogo sana. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, bila kuhesabu viazi na mihogo.

Nne, uchachu. Ndimu, ukwaju na uji uliochachushwa hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni. Kachumbari yenye ndimu pembeni ya wali ina kazi kuliko ladha peke yake.

Tano, kupoa. Wali, viazi au muhogo uliopikwa ukapoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa aina isiyomeng'enywa kwa urahisi. Kiporo basi kina faida ndogo, lakini kwa joto la Pwani kina hatari pia. Wali unaobaki juu ya meza usiku kucha huzalisha vijidudu vyenye sumu ambayo moto hauiui. Uwekwe kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, na upashwe moto hadi utoe mvuke kote. Nyumba isiyo na friji ipike kinachotosha.

Sita, sukari ya kunywa. Hapa ndipo wengi hupata matokeo ya haraka. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, sawa na vijiko vidogo 7. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na asali na sharubati, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani karibu gramu 50 kwa mtu mzima, na inafaa zaidi ikiwa chini ya gramu 25. Mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu, amefika gramu 48 kabla hajala chochote. Akipunguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi huzoea. Kahawa chungu, chai ya rangi yenye tangawizi au mchaichai, na maji vinatosha kukata kiu.

Sahani, na sinia

Kipimo rahisi ni sahani iliyogawanywa: nusu mboga na kachumbari, robo wanga, robo protini kama samaki, dagaa, mayai, kuku au kunde. Wanga wa mtu mzima uwe kama ngumi yake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba nyumba nyingi hula kwenye sinia moja, na mkono hauna mipaka. Si lazima sinia iondolewe, kwa kuwa kula pamoja ni heri. Mboga na kunde ziwekwe katikati ya sinia kwa wingi, na sima au wali upakuliwe kidogo kando, kila mtu apewe fungu lake mara moja, sufuria ibaki jikoni. Anayetaka kuongeza aongeze mboga. Pia mlo uanze na mboga na protini, wanga ufuate mwisho. Mpangilio huo peke yake hupunguza kupanda kwa sukari baada ya kula, na haugharimu chochote.

Mapishi matatu ya kuanzia

Mbaazi za nazi, tui jepesi (watu 6). Loweka nusu kilo ya mbaazi kavu usiku kucha, kisha mwaga maji hayo. Zichemshe katika maji mapya hadi ziive bila kupondeka. Kuna nazi moja na ukamue tui la kwanza zito na tui la pili jepesi, kila moja kando. Tia kwenye mbaazi kitunguu kilichokatwa, nyanya mbili, kijiko kidogo cha bizari ya manjano, pilipili mbichi nzima na chumvi kidogo, pamoja na vikombe viwili vya tui jepesi. Acha zichemke taratibu hadi mchuzi uwe mzito, kisha malizia kwa robo kikombe tu cha tui zito na maji ya ndimu. Ladha ya nazi inabaki, mafuta mengi yanabaki kwenye bakuli la tui la kwanza, nalo litatumika siku nyingine. Mlo wa asubuhi uliozoeleka ni mahamri manne na mbaazi kidogo za kuchovya. Ugeuzwe: bakuli la mbaazi na hamri moja.

Sima ya mtama na mahindi (watu 5). Changanya vikombe viwili vya unga wa mahindi usiokobolewa na kikombe kimoja cha unga wa mtama. Chemsha maji, tia unga kidogo kidogo ukikoroga, na usonge kwa moto mdogo kwa dakika 10 hadi 15. Mtama huifanya sima iwe nyeusi kidogo, na watoto wanaweza kulalamika siku ya kwanza. Anza na nusu kikombe cha mtama, uongeze wiki hadi wiki. Ipakuliwe ngumi kwa kila mtu, pamoja na kisamvu au mchicha na samaki wa kuchoma aliyepakwa ukwaju. Ieleweke kwamba hata sima hii ni wanga: ikipakuliwa mlima, faida yake imepotea.

Wali wa ndengu (watu 6). Chemsha kikombe kimoja na nusu cha ndengu hadi ziwe karibu kuiva. Kaanga kitunguu, kitunguu saumu na bizari nyembamba kwa vijiko viwili vikubwa vya mafuta, vipimwe kwa kijiko, visimiminwe kutoka chupani. Ongeza karoti iliyokwaruzwa, ndengu, kikombe kimoja na nusu cha mchele na maji ya kutosha. Funika hadi ukauke. Nusu ya kile kilichokuwa wali sasa ni ndengu, na hakuna anayehisi amenyimwa wali. Kachumbari ya kabeji, nyanya na ndimu ikamilishe sahani.

Mfano wa siku moja

Asubuhi: bakuli la uji wa wimbi uliochachushwa usiku, bila sukari, na yai la kuchemsha, au mbaazi kama ilivyoelezwa juu. Saa nne: embe dogo au chungwa zima, si sharubati, kwa kuwa kukamua huacha nyuzinyuzi kwenye kichujio. Mchana: wali wa ndengu na kachumbari. Alasiri: maji, au kahawa chungu bila haluwa. Jioni, mapema kadiri inavyowezekana: mboga nyingi, samaki au dagaa, na sima ngumi moja. Baada ya chakula, matembezi ya dakika 10 hadi 15 mtaani husaidia misuli kutumia sukari iliyoingia kwenye damu.

Mwezi wa Ramadhani

Futari ya mihogo, viazi na ndizi za nazi, ikifuatiwa na kaimati na sharubati, ni wanga juu ya wanga. Inafaa kufuturu kwa tende moja hadi tatu na maji, kisha supu na mboga, halafu aina moja tu ya wanga pamoja na samaki au kunde. Daku iliwe karibu na alfajiri, iwe na kunde au mayai.

Mwenye kisukari anayetaka kufunga amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, ili dozi na saa za dawa zipangwe. Kupima sukari wakati wa mchana kunahitajika kwa usalama. Kipimo kikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.6, au mtu akihisi vibaya, wataalamu wa kisukari wanashauri afungue mara moja.

Wanaopaswa kuuliza kwanza

Anayedunga insulini au kumeza vidonge kama glibenclamide asipunguze wanga ghafla kabla ya kuzungumza na kliniki yake. Dawa ikibaki ile ile na chakula kikapungua, sukari inaweza kushuka mno. Dalili ni kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Aliye macho na anayeweza kumeza apewe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na akipata nafuu ale chakula. Aliyezimia asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitalini.

Mgonjwa wa figo naye aulize kuhusu kiasi cha kunde na matunda. Mama mjamzito asijaribu kupunguza uzito. Watoto wadogo wale kutoka chungu hicho hicho, lakini wasibaniwe: waongezewe parachichi, yai, au lile tui zito lililobaki. Na hakuna mtu anayepaswa kuacha dawa kwa sababu vipimo vimekuwa vizuri. Uamuzi huo ni wa daktari.

Mahali pa kuanzia

Kabla ya kubadilisha chungu, inafaa mtu ajue alipo. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii kote nchini wamekuwa wakikabidhiwa mikoba yenye vifaa, vikiwemo mashine ya kupima sukari, mashine ya presha na mizani. Mkazi anaweza kumuuliza mhudumu wa kijiji chake au kufika katika zahanati iliyo karibu. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikiwa 7.0 au zaidi, ni lazima kirudiwe hospitalini ili kuthibitisha kama ni kisukari. Kiuno nacho kipimwe kwa utepe: kwa mwanamke sentimita 80 kwenda juu, na kwa mwanamume 94 kwenda juu, ni ishara ya kuchukua hatua.

Baada ya hapo, nyumba ichague jambo moja kwa wiki. Wiki ya kwanza sukari ya chai. Ya pili mboga nusu sahani. Ya tatu kunde mara nne kwa wiki. Ya nne unga usiokobolewa. Mwezi ukiisha, mgonjwa hatakuwa na sufuria yake ya peke yake, na aliyekuwa mzima atakuwa amepungua uzito kidogo bila kujua siku aliyoanza.